Fundi Aliyeanza na Uzi wa Kahawia

Sinywaka pombe. Naanza na hiyo juu najua swali ya kwanza itakuwa gani. Sikuwa nimekunywa kasiksi ya ndizi, sikuwa na malaria, na haikuwa ndoto. Ilikuwa bado mchana, ile saa watu wanarudi kutoka mashamba, na macho yangu yote mbili ilikuwa wazi. Pasteri wetu hapa Shasha aliniambia ninyamazie haya maneno, ati kusemasema kunamufungulia shetani mulango. Nikanyamaza muda murefu. Shetani aliingia hata bila kufunguliwa, kwa hiyo sasa nasema, na mwenye hataki kuamini akuwe huru.

Mimi niko fundi wa kable za reso, ule mutandao wa enternete. Kama umeshafika kwenye ofisi yenye wifi, uliona ile kamba inatoka kwenye antene juu ya paa, inashuka mpaka kwenye kisanduku yenye taa. Kwenye mwisho wa ile kamba kuko kichwa kidogo ya plastiki, yenye meno ya shaba. Kazi yangu njo kuweka kile kichwa. Unamenya ngozi ya kable na kisu yake, unakuta ndani nyuzi nane za rangi, zimesokotwa mbili mbili. Unazisokotoa, unazinyoosha, unazipanga, unazikata sawasawa, unazisukuma ndani ya kichwa, halafu unakamata pensi, ile koleo ya kufinyia, na unafinya mpaka meno yaume shaba. Watu wanadharau hii kazi. Wacha wadharau. Uzi moja ikikosa kufika mwisho, hakuna reso, na mukubwa wa ofisi anakuita mwizi mbele ya watu.

Nyuzi hazipangwe ovyo. Mafundi wote wa huku wanaanza na rangi ya machungwa, wanamaliza na kahawia. Kaka yangu mukubwa, yaya Bauma, mwenye alinifundisha hii kazi, alikuwa anaanza na kahawia. Alijifunza peke yake kule kwetu Nyabiondo, kwenye kipande ya kable ya zamani, akashika kichwa tumbo juu mugongo chini, na hakukuwa mutu wa kumurekebisha. Na ilikuwa inatumika, juu alikuwa anageuza pande zote mbili namna moja. Lakini wewe fundi mwingine ukikuja, ukakata upande moja na kuupanga vile kitabu inasema, kable inakufa. Nilipojifunza njia ya kweli Goma, nilirudi nikamuambia, yaya, wewe unafanya kinyume. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema shaba haijue rangi. Toka Sake mpaka Walikale sijakuta fundi mwingine mwenye anaanza na kahawia. Ukiona kichwa imepangwa vile, ni mukono wa yaya Bauma, hakuna haja ya kuuliza.

Basi, yaya alipotea kwenye barabara ya Mpofi. Alienda na piki yake na mufuko wa vyombo, kutengeneza antene moja huko Walikale, na hakufika. Piki ilipatikana ndani ya mutaro. Yeye hapana. Wenye bunduki walikuwa kwenye ile barabara wakati ule, na wewe unaishi huku kama mimi, unajua maana yake. Mimi nilijua. Muke wangu Neema alijua. Mutu moja tu alikatala kujua: Mama.

Mama alikatala matanga. Alisema huwezi kulilia mutu bila maiti ao bila mutu wa kusema niliona na macho yangu. Kila jioni alimuwekea yaya chakula kwenye sahani ya kufunika. Haya, mutu anaweza kuishi vile, hata miaka. Lakini vita ilianza kupanda tena kuelekea Nyabiondo. Watu wakaanza kushuka na magodoro kichwani. Nilimuambia Mama akuje kwangu Shasha, tutalala sita kwenye chumba moja, haina neno. Akasema Bauma hajue nyumba ya Shasha. Akirudi, atarudi hapa, na atakuta mulango umefungwa. Nilimubembeleza, nikakasirika, nikamutuma Neema amubembeleze. Bure. Mwisho alinipa sharti: umulete mutu mwenye aliona, ao uniambie wewe mwenyewe kwamba umepata ukweli. Siku hiyo nitalia, nitafunga nyumba, nitakufuata.

Njo sababu nilikubali ile kazi. Kulikuwa sante moja kidogo, kituo ya wagonjwa, mbele ya Mpofi, ndani ya pori. Panya walikula kable ya antene, na bila antene hakuna hata alama moja ya reso pale, unaweza kupanda muti, hutapata. Enfirmie, muuguzi wa pale, mwanamuke moja mwenye maneno makali lakini roho nzuri, Mama Furaha, alituma watu watafute fundi. Mafundi wengine walikatala barabara. Mimi nikasema naenda. Neema aliendelea kupanga samaki zake za kuuzisha.

Nilifika Mpofi na dereva wa piki, njiani tulianguka mara mingi kwenye matope. Siku ya kufika nilianza kuuliza. Watu waliangalia chini. Hakuna mwenye anapenda kuzungumuza juu ya wenye bunduki na mugeni. Lakini muzee moja muwindaji, mwenye kunipa chakula, alinitoa nyuma ya nyumba yake, akaniambia bila kuzunguka. Aliona. Ile siku walisimamisha watu kwenye kijito, wakawapeleka ndani. Yeye na wenzake walifukia wale watu kesho yake, juu ya harufu na juu ya heshima. Moja alikuwa kijana murefu, na shingoni kamba ya bluu yenye vichwa vya plastiki. Alinyoosha mukono akanionyesha upande wa kaburi. Niliomba anipeleke. Akasema hapana, ile njia sasa ina mabomu ya kukanyaga.

Nililia. Kwa nini nifiche? Nililia nyuma ya nyumba ya watu, na muzee akakaa tu karibu yangu mpaka nikamaliza. Lakini niambie, mwenzangu, umeshasikia kilio yenye kukuletea nguvu? Juu sasa nilikuwa na ukweli. Nilikuwa na mutu mwenye aliona. Mama angelia, angefunga nyumba, angeshuka. Na haikukuwa tena muda wa kucheza: njiani nilisikia kwamba jirani zake, famili ya Mama Sifa, wanaondoka Nyabiondo kesho yake asubuhi, wao njo wa mwisho. Mama na magoti yake hawezi kushuka milima ile peke yake. Ilikuwa lazima nimupate ile ile jioni. Na njia ya kumupata ilikuwa moja tu, kable ya ile sante.

Nikaenda haraka. Mvua ilianza. Mama Furaha alinionyesha antene, kisanduku, mabaki ya panya, halafu akatoka kukaa kwenye baraza na mugonjwa wake moja mwenye kikohozi. Nikavuta kable mpya kutoka paa mpaka mezani. Nikamenya, nikapanga nyuzi, machungwa kwanza, nikaweka kichwa, nikafinya. Nikapima na testeri, ile kidogo yenye taa nane. Hakuna taa hata moja. Nikaweka kichwa ingine. Hakuna. Nikaangalia pensi vizuri, nikaona: ile kuanguka kwenye matope ilivunja kinywa yake. Ilikuwa inafinya pande moja na kuacha pande ingine. Pensi ya kufinyia ikivunjika kinywa, umekwisha. Nilijaribu kusukuma meno na bisibisi, na ncha ya kisu. Niliharibu vichwa karibu vyote. Nikatukana ile pensi matusi yenye siwezi kurudilia hapa.

Njo mutu akaingia.

Sikumusikia kuja. Nilifikiri ni ndugu ya yule mugonjwa. Alikuwa mwembamba, amevaa koti ya zamani, uso wake ilikuwa ya mutu mwenye amekwisha, mashavu yameingia ndani. Sikumujua. Nilimusalimia, akaangalia kable yangu. Halafu niliangalia miguu yake, sijui kwa nini. Miguu mitupu, na haina matope. Huku kwetu, wakati wa mvua, hata kuku iko na matope mpaka kwenye tumbo. Ile miguu ilikuwa mikavu na safi, na inje maji ilikuwa inapiga mabati mpaka huwezi kusikia mwenzako.

Alinyoosha mukono. Alisema, chini chini, "Leta."

Nikamupa kable. Ungefanya nini, wewe? Nilikuwa na shida, na mutu anasema leta. Akatoa pensi yake ndani ya koti, ya kizamani, na akachukua vichwa viwili vya mwisho mezani. Akamenya kable, akasokotoa nyuzi na kidole gumba, pole pole, hakuangalie mikono yake, alikuwa ananiangalia mimi. Akageuza kichwa tumbo juu. Akaanza na kahawia.

Alimaliza upande moja, akafinya, akaenda upande mwingine, kahawia tena, akafinya. Nikatafuta uso wa yaya ndani ya ule uso, sikuipata. Pua haikuwa yake, macho haikuwa yake. Lakini ile mikono niliijua toka utoto, njo ilinifundisha. Nilimuuliza nani alimufundisha kupanga vile. Aliweka kable kwenye testeri, na taa zikawaka moja moja mpaka ya mwisho, bila kuruka. Akaichomeka, na kwenye kisanduku reso ikapanda. Telefone yangu ikaanza kulia juu ya mameseji ya siku nyingi.

Ningekimbia. Mutu mwenye akili angekimbia. Lakini telefone ilikuwa mukononi, reso iko, na giza ilikuwa inakuja. Nikasema moyoni, huyu akuwe nani ao nani, nimupate Mama kwanza. Nikapiga. Nikaweka sauti ya inje, juu mvua ilikuwa nyingi.

Mama akakamata mara moja. Nilisikia nyuma yake watu wanafunga mizigo kwa jirani. Aliniuliza kama nimefika, kama nimekula. Nikasema ndiyo. Halafu akaniuliza kama nimepata mutu wa kusema. Nilikuwa nimepanga yale maneno tangu kwa muzee, nimeyapanga vizuri, ili yamufikie bila kumuua. Nikasema, "Mama, yaya Bauma..."

Na nyuma yangu, ile sauti ya yaya yenyewe, siyo ile ya chini chini, ile yake kabisa, yenye kuvuta mwisho vile alikuwa anafanyaka akirudi kazini na njaa, ikaita, "Mama."

Sasa sikiliza, juu hapa njo kuko yote. Kwetu kuko kitu moja mutoto anafundishwa mapema kabisa. Ukiwa kwenye shamba ao pembeni ya pori na unasikia mutu anakuita jina, usiitike. Ungojee. Mutu muzima akiita na hapati jibu, ataita tena. Mwenye hayuko muzima hawezi kuita mara ya pili. Anaita moja tu, na ukiitika, umejifunga naye. Mama mwenyewe alitufundisha ile kanuni. Alimupiga yaya na mwiko siku moja, juu aliitika sauti yenye ilitoka kwenye migomba. Hakuna mutu Nyabiondo alijua ile kanuni kumushinda yeye.

Nilitaka kuziba telefone na mukono. Sikuwahi.

Mama akasema, "Niko hapa, mutoto wangu. Niko hapa."

Ile sauti ikasema, "Ungojee."

Halafu reso ikakufa. Taa zote kwenye kisanduku zikazimika. Niligeuka. Alikuwa anaelekea mulango, pensi yake ndani ya koti. Nikamuita yaya, mara moja, kwa nguvu. Akasimama kwenye mulango, mugongo kwangu. Alisimama pale. Nafikiri alikuwa anangojea nimuite tena, na mimi sikuita. Alitoka.

Nilipofika kwenye baraza, Mama Furaha alikuwa pale pale na mugonjwa wake. Hawakuona mutu kuingia, hawakuona mutu kutoka, na mulango ni moja. Aliniambia nimekuwa mweupe, nikae. Nilirudi ndani nikatazama vile vichwa vyenye yeye alifinya. Nyuzi zilikuwa zimepangwa vizuri, kahawia mbele, lakini hazikufika mwisho. Hakuna jino hata moja liliuma shaba. Ile kable haikuweza kubeba kitu, na fundi yeyote utakayemuonyesha atakuambia vile vile. Nilipima tena na testeri, taa haikuwaka. Mama Furaha alikasirika, alisema nilimuahidia, na alikuwa na haki. Mpaka leo ile sante haina reso, juu sijarudi, na sitarudi.

Usiku ule sikulala. Mbele ya jua kutoka nilimuamusha dereva, tukaenda kutafuta kilima ya mbali yenye inashika reso ya Masisi. Tulikipata asubuhi, jua limeshapanda. Nikamupigia Mama. Unajua alikuwa anafanya nini? Alikuwa anacheka. Hakucheka tangu yaya alipotea, na pale alikuwa anacheka kama musichana. Mama Sifa na famili yake walikuwa wamekwenda, walimubembeleza, akawaambia waende salama, yeye ana mugeni. Nilimuambia yote. Nilimuambia juu ya muzee, juu ya kijito, juu ya kamba ya bluu shingoni. Nilimuambia ile sauti iliita mara moja tu, Mama, wewe mwenyewe ulitufundisha. Kicheko yake ikakatika. Nilifikiri ameelewa.

Akaniuliza, "Wewe ulimuona?"

Nikasema niliona mutu, lakini uso haikuwa yake.

"Njaa inabadilishaka uso," akasema. "Alisema ningojee. Nitangojea. Wewe rudia kwa watoto wako."

Nilijaribu kupanda. Dereva alikatala njia ya Nyabiondo juu ya vita, tukazunguka mpaka Shasha; toka pale nikafika Sake, askari wakanirudisha kwenye bariere. Nikapita njia ya miguu na wachuuzi wa maharagwe, tukakuta watu wanashuka wanakimbia, wakatuambia huko mbele hakuna tena njia. Tulisikia mabomu. Nilirudi. Neema alinifungulia mulango, akaona niko peke yangu.

Mwenye alimuona mara ya mwisho ni mutoto wa kanisa letu, alipita Nyabiondo na wenye walikuwa wanakimbia. Alisema kijiji ilikuwa tupu, milango wazi, mbuzi zinatembea ndani ya nyumba za watu. Mama alikuwa kwenye kiwanja, anafagia. Yule mutoto alimuita, Mama, tuende. Akamuambia ana kazi nyingi, mutoto wake iko njiani. Telefone yake toka siku ile haipatikane. Nani alipita pale nyuma yao, sijui. Hakuna mwenye anajua. Watu wa kijiji wako hapa kwenye kambi ya wakimbizi, wametawanyika, nimewauliza moja moja, na wote wanaangalia chini.

Matanga hatukuweka. Neema anataka. Pasteri naye anataka, anasema itanitoa uzito. Nawajibu kwamba hakuna mutu mwenye aliona. Ninasikia mwenyewe vile nasema.

Kazi ninafanya, juu watoto wanakula. Nilinunua pensi mpya. Saa ingine nikiwa nimechoka nakuta vidole vyangu vimeshika kahawia kwanza, na ninaacha kable mezani, ninatoka inje mpaka roho itulie. Wenye kazi wananilalamikia kwamba niko fundi wa polepole sasa. Wacha walalamike.

Kwa hiyo wewe mwenye unanisikiliza, kama uko na mutu wako mwenye alipotea kwenye hizi barabara, chukua maneno yangu. Usimuache mutu usiyemujua akufungie kable yako, hata kama shida imekukamata kwenye shingo. Ukisikia sauti kwenye telefone, hata iwe sauti uliyonyonya nayo, ngojea iite mara ya pili. Isipoita, kata. Uende ulie, ufunge nyumba, uokoe wenye wangali wanapumua. Usikie vizuri, usiitike.

Nawaambia watu hivi kila siku, na wanaona niko mutu mwenye alijifunza. Lakini hata usiku ninalala na telefone kwenye mukono, sauti juu kabisa. Siku Mama akiita, hata mara moja tu, mimi nitaitika.